Bi Pindo na Visubi vya Mheshimiwa

Bi Pindo alikuwa fundi wa mapazia, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu hakuweza kuona ukingo wa kitambaa uliofumuka akaupita hivi hivi. Ukimtembelea na leso yenye uzi unaoning'inia, mtazungumza habari za watoto, utakunywa chai yake, na wakati wa kuaga utaikuta leso yako imepindwa na kupigwa pasi, wala hukumwona akiichukua. Kinyozi wa jirani anaapa kwamba aliwahi kumpindia taulo huku mteja akiwa bado amefungwa taulo hilo shingoni, na mteja hakuhisi kitu. Kinyozi ni mtu wa kutia chumvi, lakini hilo la taulo watu wengi waliliamini.

Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa kioo na dirisha pana linalotazama barabara. Mbele palikuwa na cherehani yake, katikati meza ndefu ya kukatia vitambaa, na nyuma kabisa, karibu na mlango wa kuingilia nyumbani, palikuwa na ubao wa kupigia pasi. Huko alitawala wifi yake. Wifi huyu, dada wa marehemu mumewe, alikuja msibani na mkoba mmoja, akasema atakaa mpaka mambo yatulie. Miaka ikapita, mambo yakatulia mpaka yakasinzia, na yeye bado yupo. Hakusema ataondoka lini, na Bi Pindo hakuuliza, maana akiondoka angegombana na nani?

Waligombana kila asubuhi, na walifurahia. Wifi alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ulimi uliochoma kuliko pasi yake. Bi Pindo alikuwa mfupi, mnene kiasi, na silaha yake ilikuwa kujifanya hasikii. Wateja waliokuja kuchukua mapazia walikawia makusudi ili wasikilize, na wengine waliondoka wakifuta machozi ya kicheko.

Simbilisi aliingia katika maisha yao kwa mlango wa kazi. Mwalimu mmoja aliagiza mapazia ya sebuleni, kisha akahamishiwa shule ya mbali. Alipokuja kuyachukua alikuwa amebeba kizimba cha nyaya. "Naomba mniwekee huyu kwa muda," alisema, na muda huo haujaisha mpaka leo. Ndani ya kizimba alikaa mnyama mnene wa rangi ya kahawia na nyeupe, hana mkia, hana shingo, ana macho meusi yanayong'aa. Alikula, akalala, akaamka, akalalamika kwamba chakula kimechelewa, akala tena. Wifi alimtazama kutwa nzima akiwa kwenye ubao wake, kisha akatoa hukumu.

"Huyu ni mheshimiwa kabisa. Amebakiza gari na dereva."

Jina likamganda, na yeye hakulikataa.

Bi Pindo hakuwahi kufuga hata kuku. Lakini asubuhi iliyofuata, alipofungua mlango wa duka, Mheshimiwa alisikia nyayo zake akasimama kwa miguu ya nyuma, akashika nyaya kwa vidole vyake vidogo na kupiga mluzi mrefu, wii, wii, wii. Ni kweli alikuwa anadai karoti. Bi Pindo alilijua hilo. Hata hivyo, tangu mumewe afariki hapakuwa na kiumbe aliyefurahi kwa sauti namna hiyo kwa sababu tu ya kumsikia akiingia, na alisimama pale na funguo mkononi akicheka peke yake. Alimpenda kuanzia saa ile, na hakuona haya kulisema. Wifi alipomwambia kwamba mtu mzima hapendi panya, alijibu kwamba panya ana mkia.

Sasa, ng'ambo ya barabara palikuwa na kitalu cha kuuza miche ya maua na matunda, na mwenye kitalu alijulikana kama Bwana Miche. Alikuwa mtu wa makamo, aliyefiwa na mke zamani, mpole, mwenye mikono mikubwa na kofia ya ukili aliyoivua kila alipozungumza na mwanamke. Habari za mbolea alizizungumza vizuri sana. Habari nyingine zilimkwama kooni. Alikuja dukani kuagiza pazia la kibanda chake, pazia dogo lisilozidi upana wa mlango, na alilipimisha upya mara kadhaa kana kwamba kibanda kilikuwa kinakua. Siku ya kulichukua alileta chungu chenye ua jekundu.

"Hili ni la kushukuru pazia," alisema, akaweka chungu mezani na kuondoka haraka.

Juma lililofuata alileta kingine, ili kile cha kwanza kisijisikie mpweke. Kisha akaleta cha tatu, kwa kuwa viwili dirishani vilionekana pungufu. Wifi alisema vikifika vingi zaidi ataleta na askari wa kuvilinda. Kila mara Bi Pindo aliinuka kwenye cherehani, akapokea chungu kwa mikono miwili, akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni, na kila mara Bwana Miche alimwambia maneno yale yale: maji kidogo, mara moja kwa wiki yatosha. Bi Pindo alivipanga vyungu hivyo kwenye rafu ndefu chini ya dirisha, kando ya kizimba cha Mheshimiwa.

Kutoka kwenye cherehani yake aliweza kuona kitalu chote. Kazi ya kushona mapazia ni ya mistari mirefu iliyonyooka, na fundi aliyezoea anaweza kuinua macho. Bi Pindo aliinua. Aliiona kofia ya ukili ikipita kati ya miche, ikiinama, ikiinuka, ikisimama kuzungumza na mteja. Na kila alipoiona, mkono wake wa kulia uliacha kitambaa ukaenda kwenye jagi la maji lililokuwa rafuni. Yeye mwenyewe hakujua. Kuna watu wakiwaza jambo huuma kucha, wengine huchora maduara kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Bi Pindo alimwagilia.

Hapo ndipo visubi vilipoanza. Visubi ni vidudu vidogo kuliko mbu, vyeusi, visivyo na haraka. Haviumi mtu, lakini hupenda pua, macho na mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo la maana. Kwanza vilionekana viwili au vitatu juu ya kizimba. Kisha kikawa kiwingu kidogo kinachopanda na kushuka kati ya kizimba na dirisha. Hakuna aliyejisumbua kufanya uchunguzi. Pana mnyama, pana nyasi, pana mavi. Kesi ikafungwa siku hiyo hiyo, na Mheshimiwa akatiwa hatiani akiwa anatafuna jani la kabichi.

"Mgeni wako ameleta jamaa zake," alisema wifi.

Bi Pindo akakunja mikono ya gauni. Alikuwa na tabia ya kulikabili kila tatizo kama vile ni kitambaa kilichokatwa vibaya. Alianza kwa usafi. Maranda ya mbao yaliyotandikwa kizimbani aliyabadilisha kila asubuhi, masalia ya karoti na kabichi aliyaondoa kabla Mheshimiwa hajameza tonge la mwisho, mpaka mnyama akaanza kula huku akimtazama kwa jicho la pembeni. Nyasi alizianika juani zikawa kavu zinazovunjika. Kizimba kilinukia vizuri kuliko kabati la wifi, naye alilisema hilo kwa sauti. Visubi havikupungua.

Akaleta siki. Mtu fulani alimwambia visubi hupenda harufu yake, kwa hiyo ukiiweka kikombeni na tone la sabuni, vitaingia vizame. Ni kweli vilizama vingi. Lakini vilivyobaki vilionekana kuzaa kwa bidii zaidi kufidia msiba, na duka lote likanuka siki. Mteja mmoja aliingia, akavuta pumzi, akarudi nje kusoma kibao cha mlangoni.

"Tunauza mapazia au saladi?" aliuliza wifi.

Akaleta feni. Aliielekeza kwenye kizimba, akabonyeza kitufe, na kwa muda mfupi ilikuwa fahari tupu: visubi vyote vilisombwa. Maranda nayo yakasombwa. Yaliruka kutoka kizimbani, yakapita juu ya meza ya kukatia, yakatua juu ya pazia jeupe ambalo wifi alikuwa amemaliza kulipiga pasi muda ule ule. Mheshimiwa alibaki amekaa kwenye sakafu tupu ya kizimba, manyoya yote yameelekea upande mmoja. Wifi alizima pasi yake taratibu, na hilo lilimtisha Bi Pindo kuliko matusi. Walitumia alasiri nzima kuokota maranda kwa vidole, na katikati ya kazi hiyo wifi alimtazama Mheshimiwa na ule mtindo wake mpya wa nywele, akaanza kucheka, na Bi Pindo naye akacheka mpaka akakaa chini.

Mwisho akaenda kumwuliza Bwana Miche. Alivaa gauni zuri kwa safari hiyo ya kuvuka barabara. Bwana Miche alisikiliza huku kofia ikizunguka mikononi mwake, akasema kuna mimea ambayo harufu yake hufukuza wadudu. Kesho yake alileta kivumbasi. Keshokutwa yake alileta mnanaa, na Mheshimiwa akapewa jani, akalikubali. Halafu akaleta mrehani. Mimea hiyo ilikuwa mizuri, ilinukia, na ilikuwa na sababu ya kuwapo, kwa hiyo Bi Pindo aliitunza kwa moyo wote. Kila alipoinua macho na kuiona kofia, jagi lilikwenda. Visubi vikajaa kama moshi wa kuni mbichi.

Wakati huo walikuwa na kazi kubwa ambayo hawakuwahi kupata mfano wake. Ukumbi mpya wa sherehe uliagiza mapazia ya shashi nyeupe, marefu kutoka darini mpaka sakafuni, ya madirisha yote. Shashi ni kitambaa chepesi kinachoonyesha ng'ambo, hakifichi kosa. Bi Pindo alishona pindo zake nyembamba na kupeleka mapazia ya kwanza. Baada ya siku chache meneja wa ukumbi aliingia dukani akiwa amebeba moja, akalitandaza dirishani kwenye mwanga, akaonyesha kwa kidole. Ndani ya pindo, kati ya mshono na mshono, kilionekana kisubi kimoja. Kilikuwa kimeshonewa humo kwa ustadi mkubwa, mabawa yamenyooka, kimelala kama mgonjwa aliyefunikwa shuka.

"Mama, kazi yako ni safi sana," alisema meneja. "Lakini nikikuta mdudu mwingine, itabidi nitafute fundi mwingine. Wageni wangu hawaji kutazama wadudu."

Bi Pindo aliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Meneja alipoondoka, wifi aliweka pasi yake wima.

"Wifi, mimi sina chuki na huyo mnyama," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Lakini kazi hii tumeisubiri tangu tufungue duka. Nakupa mpaka Jumamosi. Visubi vikiwa bado vipo, Mheshimiwa anahamia kwa binamu yangu. Kule kuna watoto wengi, watamchezea."

"Watamchosha."

"Atachoka. Sisi tutakula."

 Bi Pindo alijua wifi ana haki, na alijua pia kwamba asubuhi ya Jumapili akifungua mlango wa duka na kusikia kimya, hatavumilia. Hilo lilimuuma kwa namna ambayo angeona aibu kumweleza mtu.

Basi akafanya kile anachokijua. Alichukua tepu, akapima kizimba urefu, upana na kimo, akapima na Mheshimiwa mwenyewe kwa mazoea tu, akakata neti yenye matundu madogo kabisa na kukishonea kizimba vazi. Mtu mwingine angeshona mfuko. Yeye alishona pazia la pande zote, lenye marinda juu, mkanda wa kukazia chini, na mlango wa kufungua kwa vifungo ili mkono wa karoti upite. Mishono mikubwa aliipiga kwa mashine. Pindo la mwisho la chini alilishona kwa mkono alasiri ya Jumatano, akiwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, kizimba kimekaa mbele ya magoti yake kikiwa kimevishwa neti na kufungwa mkanda, ukingo wake umemwagika mapajani. Alishona mishono midogo, ya karibu karibu, imara. Mara kwa mara aliinua macho kutazama ng'ambo. Vidole viliendelea vyenyewe.

Alikuwa anakata uzi wakati mlango ulipofunguliwa. Bwana Miche alikuwa amesimama pale, kofia kwapani, ameshika chungu cha mchaichai kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, mistari ya mikono imenyooka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya mazoezi ya kusema jambo.

Bi Pindo aliinuka kumpokea, na kizimba nacho kikainuka. Mheshimiwa akapiga kelele ya kutetea uhai wake, Bi Pindo akaketi tena kwa kishindo. Alipopeleka mkono chini alielewa: pindo lote la neti alikuwa amelishonea kwenye gauni lake, mwanzo mpaka mwisho, na kwa mishono ile yake isiyoachia.

"Karibu," alisema, bila kuinuka.

"Asante. Nimeleta mchaichai."

"Weka hapo chini tu."

Bwana Miche akasubiri. Alizoea kupokewa kwa mikono miwili. Alimtazama yule mwanamke aliyekaa wima kwenye kigoda kama hakimu, hainuki, amekumbatia kizimba, uso umewiva. Bi Pindo naye angependa kumweleza, ila maneno "nimejishona kwenye simbilisi" hayakukubali kutoka mbele ya shati lile. Bwana Miche akaweka chungu sakafuni, akasema aendelee na kazi, akavaa kofia akiwa bado ndani ya duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Wifi alikuwa ameona kila kitu kutoka nyuma. Alikuja na mkasi akipepesuka kwa kicheko, akapiga magoti, akajaribu kufumua, akashindwa. Mishono ilikuwa imara mno. Ilibidi akate ukingo wa gauni lenyewe. Kila alipokata kidogo alicheka upya, na Bi Pindo, aliyetaka kulia, alijikuta anacheka huku analia, wakati Mheshimiwa aliyekuwa ndani ya neti iliyopambwa kwa kipande cha gauni la maua aliuliza habari za karoti.

Vazi lilifungwa, lilikuwa zuri, na halikusaidia. Visubi vilizunguka nje yake vikilistaajabia. Alhamisi Bwana Miche hakuonekana mlangoni, wala Ijumaa. Kofia ilikuwapo ng'ambo, ikipita kati ya miche, lakini haikugeuka upande wa duka. Bi Pindo alishona na kutazama, akatazama na kushona, na jagi likaenda likarudi, likajazwa bombani, likaenda tena. Kufikia Ijumaa jioni wifi alikuwa akipiga pasi kwa mkono mmoja na kupunga taulo kwa mkono wa pili.

Jumamosi asubuhi wifi alivuka barabara mwenyewe.

"Bwana Miche, lete mkokoteni wako. Kuna abiria."

Alikuja akiusukuma taratibu, akauacha mlangoni, akavua kofia. Bi Pindo alikuwa amefunga furushi la nyasi kavu, karoti na maranda mapya, na alikuwa akimweleza wifi kwa mara nyingine kwamba asipewe viazi, asiwekwe kwenye upepo, aitwe kabla ya kushikwa. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Bwana Miche aliyaona akatazama sakafu. Kisha akainua kizimba pamoja na vazi lake, na Mheshimiwa akapiga mluzi, wii, wii, akidhani ni karoti inakuja. Bi Pindo akageukia ukuta.

Wifi alishika mlango wazi kwa mguu, taulo limeinuliwa juu, tayari kuvifukuza visubi vimfuate bwana wao. Kizimba kikapita mlangoni. Kikawekwa juu ya mkokoteni, juani. Wifi akangoja. Hakuna kisubi hata kimoja kilichotoka. Kiwingu kizima kilibaki pale pale juu ya rafu, kikipanda na kushuka, hakina habari.

"Mbona havimsindikizi?" aliuliza wifi.

Bwana Miche akarudi ndani. Alikuwa ameingia katika duka lile mara nyingi, na mara zote alitazama upande mmoja tu, upande wa cherehani. Sasa, kwa sababu aliyekuwa akikaa kwenye cherehani alikuwa amegeukia ukuta, alitazama rafu. Akasogea. Akapeleka kidole kwenye udongo wa chungu cha kwanza, na kidole kikazama chote bila kupata kizuizi. Akakigusa chungu kidogo; visubi vikafumuka kutoka kwenye udongo kama watu wanaotoka mkutanoni. Akakiinua, maji yakamchuruzikia ndani ya mkono wa shati.

"Bi Pindo," alisema polepole, "hii mimea inaogelea."

Bi Pindo akageuka.

"Visubi hivi hutaga kwenye udongo uliolowa. Mheshimiwa hana kosa. Ni vyungu vyangu." Alisema hivyo kwa majonzi, maana ilikuwa zawadi yake. Kisha yule mtu wa mbolea ndani yake akashindwa kunyamaza. "Lakini nilikwambia mara moja kwa wiki."

"Uliniambia."

"Na wewe unamwagilia lini?"

Wifi aliacha taulo likaning'inia. Bi Pindo alitazama jagi, ambalo kwa kweli lilikuwa mkononi mwake, nusu limejaa, na hakukumbuka alilichukua saa ngapi. Angeweza kusingizia usahaulifu. Angeweza kusema ni bomba. Alifungua mdomo aseme ni bomba.

"Kila nikikukumbuka," alisema.

 Bwana Miche alikuwa bado ameshika chungu kinachovuja. Akatazama kile cha pili, na cha tatu, na kivumbasi, na mnanaa, na mrehani, na mchaichai sakafuni, na vyote vilikuwa vimejaa maji mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yamefurika kwenye visahani, yamepita juu ya rafu, yakidondoka chini tone kwa tone. Alivitazama kwa muda mrefu, na kadiri alivyovitazama ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa, mpaka ikawa vigumu kumtazama.

"Na mimi muda wote nadhani bomba linavuja," alisema wifi.

"Nilidhani umechoka kuniona," alisema Bwana Miche. "Jumatano hukuinuka."

"Nilikuwa nimejishona."

"Umejishona?"

"Kwenye kizimba," alisema wifi. "Gauni lote. Mimi ndiye niliyemkata. Sasa, Bwana Miche, nenda kamlete Mheshimiwa ndani, jua linamchoma. Na wewe, wifi, usinitazame hivyo kana kwamba umeiba. Mimi nililetwa hapa na msiba, lakini sikuajiriwa kulinda kaburi. Kaka yangu alipenda kukusikia ukicheka. Nami napenda, ingawa unanichelewesha kazi."

Bi Pindo akamkumbatia, jagi likiwa katikati yao, na wifi akalowa kifuani. Alilalamika sana kuhusu hilo, lakini hakujitoa.

Kizimba kikarudi mahali pake. Vyungu vikatolewa kimoja kimoja na kupangwa kwenye mkokoteni, vikichuruzika, na kila kilipotoka kiwingu kilitoka nacho, safari hii kwa utii kamili. Bwana Miche alisema atavianika kitaluni mpaka udongo ukauke, kisha atavirudisha. Rafu ikabaki tupu, na dirisha likaonekana kubwa kuliko kawaida. Mheshimiwa alitafuna karoti ndani ya vazi lake la marinda.

Bi Pindo akamsindikiza mpaka mlangoni, kama desturi yake. Aliegemea fremu kwa furaha.

"Sasa umechukua yote," alisema. "Nikikukumbuka nifanye nini?"

Bwana Miche alikuwa ameshika mipini ya mkokoteni. Safari hii hakuzungumza habari za mbolea.

"Usishike jagi," alisema. "Niite. Mimi niko hapo ng'ambo tu."

Akavaa kofia, mbele nyuma, nyuma mbele, akaanza kusukuma. Mkokoteni ulikuwa mzito kwa yale maji yote, gurudumu moja lililia, na mwendesha baiskeli mmoja ilibidi asimame kumpisha.

Alikuwa hajafika hata katikati ya barabara aliposikia anaitwa.